Mbu aliyemwuma mtoto wako alizaliwa wapi?

Mtoto akishikwa na homa, wazazi wa mjini humpeleka zahanati, hupimwa, hupewa dawa, na mambo huishia hapo. Ni vema kufanya hivyo. Lakini ni nani anayeuliza mbu aliyemwuma mtoto huyo alizaliwa wapi? Swali hilo halijibiwi na dawa. Hujibiwa na utafiti, tena utafiti unaofanyika papo hapo mtaani.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 2004 jiji hilo lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, zilizokuwa na wakazi zaidi ya 600,000. Wataalamu hawakuanza kwa kumwaga dawa. Wakazi wa mitaa yenyewe walichaguliwa, wakafundishwa, na kila mmoja akapewa eneo la kuzungukia kila wiki, shina kwa shina. Walikagua mitaro, madimbwi, mashimo ya wajenzi na matuta ya bustani za mboga. Walichora ramani kwa mkono, kisha ramani hizo zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani ili kuona sehemu zilizosahauliwa.

Kazi hiyo ilitufundisha mambo matatu. Kwanza, mbu wengi wanaotupigia kelele usiku mjini ni wale wa vyooni na maji machafu. Hao hawaenezi malaria, ingawa wanaweza kueneza matende. Pili, mbu wa malaria jijini huuma sana hata nje ya nyumba. Kwa hiyo chandarua ni lazima, lakini hakitoshi peke yake. Tatu, wakaguzi walishindwa kuyaona baadhi ya mazalio kwa sababu yalikuwa ndani ya nyua zenye uzio.

Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kuwekwa katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa maambukizi yalipungua kwa asilimia 72 katika maeneo yaliyowekwa dawa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013, ulioangalia kata zote 15, ulikuta uwezekano wa mtu kuwa na vimelea ulipungua kwa asilimia 21. Wapo watakaosema kwamba hesabu zikitofautiana hivyo, basi watafiti hawajui kitu. Mimi naona zote mbili zinasema malaria ilipungua, na kutofautiana kwake ndiyo sababu ya kuendelea kupima.

Lipo lalamiko moja ambalo ni la haki. Watu husema: "Wanakuja na madaftari, wanatuuliza, wanatutoa damu, wanaondoka, majibu hatuyaoni." Ndugu wasomaji, majibu ni mali yenu pia. Mtafiti akifika, mwulizeni ni lini atarudi kwenye mkutano wa mtaa kueleza alichokikuta. Halmashauri nayo iulizwe imefanya nini na majibu hayo. Ripoti iliyofungiwa kabatini haijawahi kumponya mtoto hata mmoja.

Lakini dawa ya lalamiko hilo si kufunga lango. Dimbwi lililo nyuma ya ukuta wako halizalishi mbu wa kwako tu. Mbu huruka ukuta na kwenda kumwuma mtoto wa jirani, ambaye pengine baba yake hana nauli ya kumfikisha hospitali.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Kila familia ikague ua wake mara moja kwa wiki, ifukie mashimo yanayotuamisha maji, na isitupe taka mtaroni. Mkaguzi wa mtaa akibisha hodi, akaribishwe na aonyeshwe hata kule nyuma ya jiko. Anakuja kutafuta kile ambacho sisi wenye nyumba tumezoea kukipita bila kukiona.