Kinaya cha Maji Likoni

Katika mihadhara ya fasihi tumezoea kukiita kinaya mbinu ya mwandishi, kana kwamba dunia imenyooka na ni wasanii tu wanaoipinda. Maoni yangu ni kwamba maumbile yalitutangulia katika sanaa hiyo, na ushahidi uko Likoni.

Likoni imepakana na mlango wa Kilindini na Bahari ya Hindi, lakini si ajabu kuona mkokoteni wa mitungi ya maji ukisukumwa hatua chache kutoka ufukweni, na wenye kiu wakiungojea. Maji ya kunywa hutoka barani. Likoni hutegemea visima vya Tiwi na chemchemi za Marere, katika Vilima vya Shimba. Nacho kisiwa cha Mombasa kililetewa bomba katika miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya nyika kavu ya Tsavo, umbali wa kilomita zipatazo 220. Yaani pwani huomba maji nyikani! Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Nasi tungeongeza kwamba penye bahari hapana maji.

Kinaya hakiishii hapo. Katika vihori vya Port Reitz, magharibi ya Likoni, mti wa mchu umesimama ndani ya maji yayo hayo ya chumvi na umenawiri. Huyanywa, kisha chumvi huitoa kupitia majani. Asiyesadiki na alambe jani. Binadamu mwenye shahada ameshindwa na mti usio na hata cheti.

Kicheko hiki si utovu wa adabu. Kurani, katika Surat al-Furqan, huzitaja bahari mbili, ya tamu na ya chumvi, miongoni mwa kazi za Mwenyezi Mungu. Anayecheka kwa kuutambua udogo wake amekaribia kusujudu.

Hata hivyo, tusichanganye mambo. Chumvi ya bahari ni kitendawili cha Muumba. Mfereji uliokauka kwa bomba bovu au mipango mibaya ni kazi ya mikono yetu. Kumwambia mama aliyeamka alfajiri kutafuta maji kwamba ndivyo Mungu alivyopanga ni kumsingizia Mungu. Kinaya cha kwanza kitucheshe na kitunyenyekeze. Cha pili kitukasirishe, tukiandike na tukiseme. Mhakiki asiyevitenganisha viwili hivi, awe darasani au msikitini, bado hajakielewa kinaya.