MWALIMU WETU MGENI NA "NDIYO" ZETU



Katika gazeti letu la muhula uliopita mwenzangu mmoja aliandika kwamba somo la Kichina halina faida hapa shuleni, maana wanafunzi hulianza Kidato cha Kwanza, na wafikapo Kidato cha Nne hawawezi hata kuagiza chai. Aliulaumu ugumu wa lugha yenyewe, kisha akawalaumu walimu wageni wanaolifundisha. Kwa habari ya chai nakubali. Mimi ni wa Kidato cha Nne na aibu hiyo naijua. Lakini kwa habari ya walimu sikubali hata kidogo, na namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niseme niliyoyaona kwa macho yangu. Taabu ya walimu hawa, kwa sehemu kubwa, twaitengeneza sisi wenyewe tuliokaa madawatini.

Kwa wazazi wasiojua: mwalimu wetu wa Kichina ametoka China, nasi humwita Laoshi, ndiyo kusema Mwalimu. Wengi wa walimu wa namna hii huja kwa kujitolea kupitia Taasisi za Confucius, kama zile mbili zilizofunguliwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nairobi walitangulia mwaka 2005. Mwalimu wa kujitolea hutumwa kwa mwaka mmoja, na akipenda huongezewa. Mwaka mmoja huo niukumbushe, maana nitaurudia.

Siku moja katika muhula wa kwanza Laoshi alitufundisha maneno mawili, mǎi na mài. La kwanza ni kununua, la pili ni kuuza. Herufi ni zile zile. Tofauti yao ni sauti tu. Katika la kwanza sauti hushuka kisha ikapanda, katika la pili huanguka kwa kishindo. Akayasema mara kumi, akachora mistari ubaoni, akapunga mkono juu na chini kama mwongoza kwaya. Kisha akauliza, "Ming bai le ma?" Yaani, mmefahamu? Sote, zaidi ya hamsini, tukaitikia kwa sauti iliyotikisa mabati: "Ming bai le!" Tumefahamu.

Siku ya pili yake akatupa jaribio. Yeye atamke, sisi tuandike kama ni kununua au kuuza. Wengi wetu tulibahatisha, kama mtu arushaye shilingi juu. Na jambo lenyewe si la mchezo. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaosafiri hadi Guangzhou kufuata mali, na baadhi ya wazazi wetu wanataka tujifunze Kichina kwa ajili hiyo hasa. Fikirini mtu amefika huko na fedha zake mfukoni, amesimama mbele ya mwenye duka, anasema "nauza" mahali pa "nanunua"!

Laoshi hakutukemea. Alivua miwani, akakaa kitini, akazitazama zile karatasi kwa muda mrefu bila kusema neno. Ingekuwa heri angetukemea.

Jioni ile nilimkuta bombani, nyuma ya nyumba za walimu, na maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo kama kawaida ya bomba letu. Nikamwamkia, nikamshikia ndoo. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kwa nini ninyi sema ndiyo?" Nilitafuta jibu nikalikosa. Mwisho nikasema, "Laoshi, ni adabu."

Na kweli ni adabu, au ndivyo tulivyolelewa. Tangu darasa la kwanza, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", jibu ni moja tu, tena kwa pamoja. Anayesema hakuelewa huonekana ama ni mjinga, ama ni mtundu anayewachelewesha wenzake kwenda kula. Mwalimu wa kwetu anaijua "ndiyo" hiyo, naye huipima kwa kututazama nyuso. Mgeni hajui. Yeye huichukua ilivyo, akageuza ukurasa.

Nilipokwisha kusema hivyo, Laoshi akacheka, akachanganya Kiswahili na Kiingereza kunieleza habari za shule yake mwenyewe. Alisema alipokuwa mwanafunzi kwao alikuja mwalimu mgeni kuwafundisha Kiingereza. Yule mgeni aliuliza maswali, na darasa zima likanyamaza kimya, kila mtu akitazama kitabu chake, maana kukosea mbele ya wenzako ni kuvunjika uso. Wachina hulitumia neno hilo la uso kwa maana ya heshima ya mtu. Mgeni yule alihuzunika sana, akidhani hawampendi. "Sisi kule nyamaza," akasema, "ninyi hapa piga kelele. Mwalimu lia sawa sawa."

Sasa nije kwenye jambo ambalo huenda baadhi ya walimu wetu wasipendezwe nalo. Laoshi anatufundisha Kichina kwa Kiingereza. Kiingereza chake amejifunza darasani, na chetu tumejifunza darasani. Basi maana hutoka China, ikapitia Uingereza, ndipo ikafika hapa, na katika kila kivuko inatozwa ushuru. Ikifika imebaki kidogo.

Nitatoa mfano mmoja. Kwa kipindi kizima alitueleza kwamba katika Kichina huwezi kutaja hesabu ya vitu ukakitaja kitu hapo hapo. Ni lazima neno jingine likae katikati, la kuonyesha kitu hicho ni cha jamii gani. Vitabu vina neno lao, běn. Vitu vilivyo bapa, kama karatasi, meza na kitanda, vina lao, zhāng. Vitu virefu vinavyonyooka au kupinda, kama njia, mto na samaki, huitwa kwa tiáo. Kwa Kiingereza mambo haya yalikuwa kama uchawi. Tukasema "Ming bai le", kama desturi. Usiku wakati wa kujisomea mwenzetu mmoja akainua kichwa akasema, "Kwani hizi si ngeli?" Darasa zima likapiga makofi mezani mpaka kiranja akaja. Si ngeli kamili, najua, na mwalimu wetu wa Kiswahili asinikasirikie. Sisi twaibadili hesabu yenyewe, kitabu kimoja, mti mmoja, jicho moja, na Mchina haibadili bali huipa mwenzake wa kufuatana naye. Lakini wazo la kuvipanga vitu kwa jamii zao tumezaliwa nalo. Mwingereza hana ngeli, wala Kiingereza chake hakikuweza kutuonyesha kitu ambacho tulikuwa nacho tayari.

Na hiyo si yote. Laoshi hutaabika kutufundisha tofauti ya bà, baba, na pà, kuogopa. (Ndiyo, baba ni bàba na mama ni māma, kwa maneno hayo mawili hatuna deni.) Tofauti ya bà na pà ni pumzi inayotoka mdomoni katika hilo la pili. Alituwekea karatasi mbele ya midomo tuone kama inatikisika. Yupo mwenzetu wa Tanga ambaye bibi yake ni mtu wa Mombasa. Yeye alitushangaa sote. Akasema bibi yake husema paa la nyumba bila pumzi, na p'aa mnyama wa porini kwa pumzi, na akichanganya mtu humcheka. Tena kaa la moto si k'aa wa pwani. Yule msichana hakuhitaji karatasi. Na kwa habari ya kupandisha na kushusha sauti, wapo kwetu wanaotoka Kigoma, wanaozungumza Kiha. Katika Kiha, kama katika lugha nyingi za Kibantu, sauti ikipanda au ikishuka neno huweza kugeuka maana. Kiswahili ndicho kilichopoteza jambo hilo. Kumbe katika darasa lile lile ambalo Laoshi alilia nalo walikuwamo wasaidizi wake, wala hakuna aliyemwambia. Sisi wenyewe hatukujua, maana tumezoea kudhani lugha za nyumbani huachwa getini pamoja na simu.

Babu yangu alifanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, katika milima ile yenye madaraja na mahandaki mengi. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ilikabidhiwa mwaka 1976, urefu wake kilometa 1,860. Babu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Asema fundi wake wa Kichina hakukijua pia. Fundi alikuwa akiinua sepetu, anauliza "Hii nini?", babu anamjibu, naye anaandika katika kijitabu chake, kisha fundi hulitaja kwa Kichina, na babu hulirudia mpaka likae sawa. Asiyefahamu alitikisa kichwa mara moja, kwa kuwa mahali pa baruti hapana adabu ya uongo. Wakaelewana, na treni inapita. Wala Wachina hawashindwi na Kiswahili chetu. Tangu mwaka 1961 wapo wanaotutangazia kwa Kiswahili redioni kutoka Beijing, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kilianza kukifundisha.

Katika dahalo yetu ya mwezi uliopita rafiki yangu alinipinga. Alisema tukimruhusu Laoshi kueleza kwa Kiswahili tutaua Kiingereza, ambacho ndicho cha mtihani. Namheshimu, lakini kipindi kile kimeandikwa Kichina katika ratiba. Kiingereza kina vipindi vyake.

Siwezi kusema kwamba Laoshi hana makosa. Hutuimbisha nyimbo za watoto wadogo, na sisi tuna ndevu. Hukasirika tukichelewa kipindi cha baada ya chakula cha mchana, naye hajui kwamba foleni ya bwaloni haina huruma. Lakini hayo humwambia mtu akayajua. Lisilosameheka ni la wale wachache wanaomwigiza sauti anapopita, "ching chong, ching chong", kisha wanajificha nyuma ya bweni. Anasikia. Nimemwona akiongeza mwendo. Wenye mchezo huo wanajijua, nami nikiwa nawataja kwa majina Bwana Mhariri angeyafuta.

Na sasa ule mwaka mmoja. Tangu niingie shule hii nimefundishwa na Laoshi watatu. Kila mmoja alipofika aliuliza wa kwanza wake alifika wapi, na hakuna aliyeweza kumwambia. Akatusikiliza, tukasema "Ni hao" vizuri sana, basi akaanza na "Ni hao". Nimejifunza kumsalimu Mchina mara tatu. Chai imo katika somo la mbele, ambalo hatukulifikia.

Baada ya siku ile ya bombani niliamua jambo. Kipindi kilichofuata, alipouliza "Ming bai le ma?", wenzangu wakaitikia, nami nikasimama nikasema "Wo bu dong". Sifahamu. Walinicheka mpaka masikio yakawaka moto. Laoshi akaja mpaka dawatini kwangu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata barua ya kwao. Akaeleza upya, polepole, na msichana wa Tanga akaongeza kwa Kiswahili. Mara mwingine nyuma akasema "Wo bu dong", na mwingine, hata tukawa saba. Hatukumaliza ukurasa siku hiyo. Mǎi na mài sasa nazijua.

Kwa idhini ya Mwalimu wa Taaluma tumeanza mambo mawili. Kila Jumamosi baada ya usafi, wanafunzi wawili humfundisha Laoshi Kiswahili kwa saa moja chini ya mwembe, wala si lazima wawe hodari. Pia lipo daftari moja kubwa ambamo twaandika kila kipindi tulipofika, na mahali gani wengi hatukufahamu. Mimi namaliza shule Novemba. Laoshi bado hajasema kama ataomba mwaka wa pili. Nilimwuliza, akajibu "Labda", neno alilojifunza Jumamosi iliyopita. Akiondoka, daftari lapewa atakayekuja. Limo katika kabati la maktaba, rafu ya chini, na ufunguo anao kiranja wa maktaba. Kidato cha Pili wamekwisha kuacha siku tatu bila kuandika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne