Kinachoyaua majumba ya kibiashara Marekani

MNAMO 1976, kijiji cha North Randall, viungani mwa jiji la Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, kilijivunia jumba jipya la kibiashara lililotangazwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mwaka wa 2009 jumba hilo lilifungwa, likabomolewa baadaye, na kufikia 2018 kiwanja chake kilikuwa na bohari ya Amazon, kampuni inayouza bidhaa kupitia intaneti.

Ni rahisi kuitazama bohari hiyo na kukata kauli kwamba intaneti ndiyo iliyomuua marehemu. Tarehe zinakataa. Jumba hilo, Randall Park, lilipofungwa, mauzo ya mtandaoni hayakuwa yamefika asilimia 5 ya biashara yote ya rejareja nchini humo. Aliyerithi shamba si lazima awe ndiye aliyemwua mwenyewe.

Maradhi haya ni ya tangu hapo. Southdale, jumba la kwanza la aina hii lililoezekwa na kuzingirwa kuta pande zote, lilifunguliwa 1956 mjini Edina, Minnesota. Msanifu wake, Victor Gruen, Myahudi aliyeikimbia Vienna mwaka wa 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, alidhamiria kuwapa wakazi wa vitongoji kitovu cha mji, chenye nyumba, shule na bustani kandokando yake. Wawekezaji walichukua maduka na maegesho ya magari, hayo mengine wakayapa kisogo. Uzeeni, Gruen aliyakana majumba hayo hadharani.

Isitoshe, sheria ya kodi ya 1954 iliwapa nafuu kubwa wenye majengo mapya ya biashara, hivyo kujenga kukawa na faida hata mahali ambapo wanunuzi hawakuongezeka. Majumba mawili matatu yakawa yanagombania wateja wale wale.

Hapo ndipo udhaifu wa mikataba ulipojitokeza. Maduka makubwa kama Sears na J.C. Penney yalitozwa kodi ndogo ya pango kwa sababu ndiyo yaliyovuta umati, nayo maduka madogo yalikubaliwa kulipa kidogo au kuhama iwapo mpangaji mkuu angeondoka. Sears iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka wa 2018, J.C. Penney ikafuata 2020 janga la Covid-19 lilipopamba moto. (Wakenya waliotembelea majumba ya Nairobi baada ya Nakumatt kuporomoka hawahitaji kuelezwa zaidi.)

Majumba ya mitaa ya kitajiri yangali yamejaa. Yanayokufa ni yale ya watu wa kipato cha wastani na cha chini, ambako mji hupoteza ushuru, vijana hupoteza kazi yao ya kwanza, na wazee waliozoea kutembea humo asubuhi kukwepa theluji hukosa pa kwenda. Bohari huajiri, ila hakuna anayekwenda huko kupunga hewa.

Southdale yenyewe ingali wazi. Katika miaka ya 2010, nyumba za kukodi zilijengwa kwenye sehemu ya maegesho yake, zaidi ya miaka 30 baada ya Gruen kufariki mnamo 1980.