PILAU SI NYAMA

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka, nipe nafasi nitoe dukuduku langu. Hapa Tawa mtu akisema leo kuna pilau, swali la kwanza ni, "Nyama ni kilo ngapi?" Ikikosa nyama, ati huo ni wali uliochafuka! Mimi nasema hapana.

Krismasi iliyopita mama aliuza gorogoro kumi za mbaazi sokoni ili tununue mchele na nyama. Mnunuzi akazichukua kwa bei ya kutupa, na pesa zikaishia kwenye mchele na viungo. Binamu yetu alikuwa njiani kutoka Changamwe, nami nikaona aibu. Nikamsihi mama akakope nyama buchani. Susu alikuwa jikoni akichagua mbaazi zilizobaki. Akaniuliza, "Kwani mgeni anakuja kula deni?"

Nikanyamaza. Mbaazi zikalowekwa usiku kucha, asubuhi zikachemshwa hadi zikaiva bila kupondeka. Mama akakaanga vitunguu polepole mpaka vikawa vya hudhurungi, maana hapo ndipo pilau hupata rangi yake, si kwa nyama. Akatia kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Vikafuata viazi, mbaazi, chumvi, mchele, na maji ya moto vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele. Maji yalipokaribia kukauka, akafunika sufuria, akapunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya kifuniko. Harufu ikafika hadi kwa jirani!

Binamu alikula, akaongezwa, kisha akatuambia kwamba kule Mombasa watu huamkia mahamri na mbaazi za nazi. Jameni! Kumbe tunachokionea aibu huku, Pwani wanakitafuta asubuhi na mapema.

Kuna watakaosema bila nyama mwili hauna nguvu. Waulize walimu wa sayansi: karibu sehemu moja kwa tano ya mbaazi kavu ni protini. Tena mbaazi huvumilia ukame, ndiyo maana hazikosi katika mashamba ya Ukambani. Mbaazi za Afrika Mashariki husafirishwa hadi India zikaliwe, nasi tunaziuza kwa hasara ili tupate nyama ya siku moja.

Sisemi nyama ni mbaya. Nikipewa, si nitakula! Ninachopinga ni ile aibu inayomaliza ghala. Kwa hivyo naiomba shule yetu isingoje siku ya kufunga muhula ndipo tuone pilau. Itupikie ya mbaazi hata mara moja kwa mwezi. Nawe mwenzangu, likizo ijayo mwambie mama asiuze zote.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza: auzaye chakula chake kwa aibu, hununua njaa yake mwenyewe.