Undugu si Jalala

Imezuka miongoni mwa wasomi na watumishi wa umma tabia moja ambayo ukiitazama juu juu yaonekana ni adabu, lakini ukiichunguza ni utoro wa wajibu. Mtu analetewa na ndugu yake, kwa njia ya simu, ujumbe ambao hakuuomba na ambao anajua wazi kwamba ni wa uongo, au wa kutisha, au wa kumpotezea muda na fedha. Anausoma, anaguna, anaufuta, ananyamaza. Kesho unakuja mwingine. Ananyamaza tena. Baada ya mwezi analinyamazisha kundi zima la ukoo kwa kubonyeza kitufe, na toka siku hiyo hajui nani amelazwa wala nani amejifungua. Akiulizwa anajibu kwamba hakutaka kumwudhi mtu mzima.

Jibu hilo halitoshi. Katika ukoo wa kawaida wa Kitanzania, mwalimu na karani ndio wanaopelekewa cheti cha hospitali wakisome, ndio wanaojaza fomu za mkopo wa kijana anayekwenda chuo, ndio wanaoulizwa sheria ya ardhi inasemaje. Ukoo umewasomesha, wakati mwingine kwa kuuza ng'ombe, ili wawe macho yake. Sasa chukua mfano wa mama mwenye kisukari aliyeletewa na jirani habari kwamba majani fulani yakichemshwa siku saba mgonjwa huacha sindano. Anaipeleka katika kundi la ukoo lenye watu 80, na ndani yake wamo walimu wanne na mganga msaidizi mmoja. Hakuna anayesema neno. Je, mama yule atafahamu nini? Atafahamu kwamba waliosoma wameona, wamekubali. Ukimya wao umekuwa muhuri. Waliokaa kimya hawakumheshimu mama huyo; wamemwacha peke yake na ugonjwa wake.

Yafaa ieleweke kwamba jambo lenyewe si geni. Mwaka 1908, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji, ilienea katika pwani ya kusini, Lindi ikiwa mahali pa mbele, barua iliyosemekana imetoka Makka. Ilionya kwamba mwisho wa dunia umekaribia na kuwataka watu watubu. Watawala wa Kijerumani walishikwa na hofu kubwa, wakidhani uasi mpya umeanza. Barua za jamaa hiyo zimezunguka ulimwengu kwa zaidi ya karne moja, na katika nakala nyingi limo sharti lile lile: atakayeinakili na kuipeleka mji mwingine atapata heri, na atakayeificha atapatwa na balaa. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe wameikanusha mara nyingi. Wakristo nao wanazo zao, zenye ahadi na vitisho vya namna ile ile. Leo maneno hayo hayo yanaingia simuni saa nne za usiku, yakimtaka mpokeaji awapelekee watu kumi kabla hakujapambazuka, na anayeyaleta ni shangazi.

Tofauti ni jasho. Mnakili wa mwaka 1908 alihitaji karatasi, wino, na saa nzima ya kuketi. Na katika saa hiyo akili yake ilipata nafasi ya kumwuliza maswali. Leo kazi hiyo inafanywa na kidole gumba, na kidole gumba hakiulizi.

Matokeo yake yamekwisha kuonekana kwingineko, tena kwa damu. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra nchini India, wapita njia watano walipigwa na umati mpaka wakafa, kwa sababu ya uvumi uliokuwa ukisambazwa kwa simu kwamba wezi wa watoto wameingia. Uvumi huo waliupata kwa watu waliowaamini, yaani rafiki na ndugu, na ndiyo sababu uliua. Mwaka huo huo kampuni ya WhatsApp ilianza kuwekea mpaka idadi ya mahali ambapo ujumbe mmoja waweza kupelekwa kwa mara moja. Mwezi Januari 2019 mpaka wa mahali patano ukawekwa duniani kote. Na Aprili 2020, wakati wa UVIKO, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa wakati. Ujumbe wa namna hiyo hubeba alama ya mishale miwili. Ni watumishi wangapi wanaoiona alama hiyo kila siku na hawajawahi kumweleza mama mzazi maana yake? Wala asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya wasiosoma. Mwezi Aprili 2020 nchini Uingereza, taifa lenye vyuo vikuu vya kale, minara ya simu ilichomwa moto na watu walioaminishwa kwamba mawimbi yake ndiyo yaletayo ugonjwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiusomi. Jambo hili ni jema, maana siri ya mtu ni haki yake, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda mawasiliano yake ya binafsi. Lakini maana yake ni kwamba kampuni haijui yaliyomo ndani ya ujumbe. Haiwezi kujua kama unasema kweli. Hakuna mhariri. Hakuna mkaguzi. Kati ya uongo na bibi aliyeko Namtumbo hakuna mlinzi ila mjukuu wake mwenye diploma, naye amelinyamazisha kundi.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni sheria. Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipotungwa mwaka 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa mtu anayetoa habari za uongo huku akijua kwamba ni za uongo na akikusudia kudanganya umma. Lakini shangazi hajui kwamba ni uongo, wala hakusudii kumdanganya mtu. Anakusudia kuokoa watu wake. Atashtakiwaje kwa mapenzi yake? Anayetaka polisi wafanye kazi ya mpwa amekwisha kuukana undugu.

Wengine husema kinyume, kwamba mambo haya ni madogo, na kila mtu amfungie asiyemtaka. Hawa ni wabinafsi waliojificha nyuma ya ustaarabu. Kumfungia tapeli ni sawa. Kumfungia kaka kwa sababu analeta picha za maua kila alfajiri ni kuvunja nyumba kwa sababu ya panya. Ni kweli picha hizo ni kero, nazo humgharimu mpokeaji, maana bando linaloliwa ni lake. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilieleza kwamba simu nyingi nchini India zilikuwa zikijaa kabisa kwa picha za kutakiana asubuhi njema. Lakini simu inao mpangilio wa kuzuia picha zisijipakue zenyewe, na kujifunza mpangilio huo ni kazi ya dakika mbili. Basi yaishie hapo; maua hayajaua mtu.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii imewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akafungua kijitabu, kisha wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba zao. Vilikuwa vikundi kama haya makundi ya leo, vya majirani na jamaa, na vingi vilikuwa na watu wasiojua kusoma. Kilichovitofautisha ni kwamba habari ilipofika, haikupita tu; ilikaliwa, ikaulizwa. Kundi la simu lenye wasomi kumi linashindwa kufanya kile kilichofanywa chini ya mwembe na wakulima wenye redio moja ya betri. Hili ni aibu, na kusema kwamba siku hizi watu hawana muda hakuifuti aibu hiyo. Muda wa kutazama mchezo wa mpira katika simu hiyo hiyo upo. Wapo hata wanaoupata kati ya saa 1:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri, wakati mwananchi amesimama dirishani akingojea faili lake.

Basi mtumishi afanye nini? Kwanza aache kukaripia mbele ya watu. Kijana anayemjibu mjomba wake ndani ya kundi kwa kicheko na maneno ya Kiingereza hajasahihisha kitu. Amemvunjia mzee heshima, na mzee ataupeleka ujumbe ule ule kwingine kwa hasira. Njia ya adabu inajulikana na kila aliyelelewa. Amwandikie pembeni, au bora ampigie: "Shikamoo shangazi. Habari za nyumbani? Ule ujumbe wa majani nimeuona. Nimemwuliza mganga wa hapa kituoni, amesema mgonjwa akiacha sindano anaweza kupoteza maisha. Naomba shangazi uwaambie wenyewe kule kundini, maana wewe wanakusikiliza." Maneno haya yamemwachia shangazi cheo chake, tena yamempa kazi ya kuwasahihisha wengine. Mara tatu nne za namna hiyo, na shangazi ataanza kuuliza kabla ya kupeleka. Hiyo ndiyo elimu ya watu wazima, nayo haihitaji bajeti.

Na msimamizi wa kundi asijione kuwa amepewa cheo cha bure. Aliyelifungua kundi la ukoo ana wajibu wa kusema kundi ni la nini: misiba, wagonjwa, mashamba ya urithi, ada za watoto. Yaliyo nje ya hayo yana mahali pake.

Liko lakini eneo moja ambamo walimu na watumishi wenyewe ndio wakosaji wakubwa, nalo ni michango ya harusi. Hapa hawawezi kumsingizia bibi. Ni wao wanaoziunda kamati, wao ndio wenyeviti, makatibu na waweka hazina. Mtu analala mzima, anaamka amekwisha kuingizwa katika kundi la harusi ya mtoto wa mtu aliyesoma naye miaka 20 iliyopita. Hakuulizwa. Simu yake ina mpangilio, uliowekwa tangu mwaka 2019, wa kuchagua nani awezaye kumwingiza katika kundi, lakini akiutumia ataambiwa amejitenga. Kisha inapachikwa orodha: majina yamepangwa kwa namba, mbele ya kila jina ahadi yake, na mbele ya ahadi alama ya aliyelipa. Asiyelipa anasomwa na watu 200 asubuhi, mchana na jioni. Kabla ya harusi kuna sherehe ya kumwaga binti, na kabla yake kicheni pati, kila moja na kundi lake.

Mchango katika asili yake ulikuwa msaada wa hiari. Mwenye debe alileta debe, asiye nalo alileta kuni, na hakuna aliyesomewa kuni zake hadharani. Orodha ya simuni imegeuza msaada kuwa kodi, na aibu kuwa askari wa kodi. Mwalimu wa daraja la chini anakopa kwa riba ili jina lake lipate alama, kisha watoto wake wanakwenda shule bila madaftari. Unyonyaji huu haukuletwa na bepari wa ng'ambo. Unafanywa na wenzake wa ofisi moja, wakitabasamu, na kila mmoja akingojea zamu yake ya kuwakamua wengine.

Tena ubaya wake hauishii hapo. Mazoea ya kudaiana fedha kwa ujumbe mkavu, bila salamu na bila sauti ya mtu, ndiyo yaliyomfungulia mlango tapeli. Anapoandika kwamba ile fedha itumwe katika namba hii, ujumbe wake haumshangazi mtu, kwa kuwa unafanana na ule wa katibu wa kamati ya juzi. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kuwaripoti matapeli hao, na kila mtumishi aitumie. Lakini mtego ungepoteza nguvu kama ndugu na rafiki wangejiwekea desturi kwamba hakuna fedha inayoombwa wala kutumwa bila watu kusikiana sauti.

Kamati zinazokutana mwishoni mwa juma hili na zianzie hapo. Anayehitajika apigiwe simu na mtu anayemjua, aulizwe kama ataweza, na akisema hawezi, ashukuriwe na kualikwa vilevile. Asiingizwe kundini kabla hajakubali. Orodha ya ahadi iondolewe simuni leo, ikae katika daftari la mweka hazina, na daftari likae sandukuni mwake.