Mikwaruzo Katika Vioo vya Gari

Mchana mwenye gari huizoea mikwaruzo ya kioo chake hata asiione tena. Huikumbuka usiku, anapokutana na lori lenye taa kali katika barabara ya Morogoro. Hapo kila mkwaruzo hutawanya mwanga, na kwa nukta mbili tatu dereva hajui kama mbele yake yupo mtu au hayupo.

Ndugu msomaji, kabla ya kununua dawa yo yote, kioshe kioo kwa maji na sabuni. Mengi yadhaniwayo kuwa mikwaruzo siyo. Madoa meupe ya maji ya chumvi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Gundi ya stika hutoka kwa wembe mpya uliolazwa, kioo kikiwa kimelowa. Alama ikibaki, pitisha ukucha juu yake. Ukiteleza, mkwaruzo ni wa juujuu, nao waweza kuondolewa nyumbani. Ukinasa, acha. Kuufuta mkwaruzo wa namna hiyo ni kukichimba kioo mpaka pawe na bonde, na bonde hilo hupotosha sura ya kila kitu kinachotazamwa kupitia hapo.

Wengi huisifu dawa ya meno. Sisi hatuisifu, chembe zake ni laini mno kwa kioo. Dawa hasa ni unga wa oksidi ya seriamu, ambao hutumika pia kung'arishia lenzi za kioo. Ukoroge kwa maji uwe kama uji mwepesi, funika rangi ya gari kwa karatasi, kisha sugua kwa kipande cha felti, kwa duara, bila kukandamiza. Kwa mkono kazi hii yataka uvumilivu mkubwa. Mwenye keekee ya umeme aweza kuifunga felti humo, mradi aiendeshe polepole. Kioo kisikauke hata kidogo, na mara kwa mara ukiguse kwa kiganja: kikipata moto, pumzika, maana joto la mahali pamoja laweza kukipasua. Upande uliobandikwa karatasi ya giza usiusugue kabisa.

Kioo cha mbele, usawa wa macho ya dereva, ni shauri jingine. Hapo mwachie fundi wa vioo, na akisema kibadilishwe, kibadilishwe. Bei yake ni kubwa, twajua, lakini anayevuka barabara usiku hana habari na bei hiyo.

Tena, mikwaruzo mingi twaileta wenyewe. Mchanga ni mgumu kuliko kioo. Asubuhi gari limejaa vumbi, nasi twawasha waipa pakavu, au twampa kijana alipanguse kwa tambara lile lile lililopangusa magurudumu! Mimina maji kwanza. Mipira ya waipa nayo ipanguswe kila wiki, na ikichanika ibadilishwe upesi, kwani chuma kikishagusa kioo huchora upinde ambao debe zima la unga halitaufuta.