Kijito nacho kina haki ya kupigwa picha

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tangu mwaka wa 2021, mimi husimama kwenye daraja moja dogo mtaani Kilimani, Nairobi, nikakipiga picha kijito cha Kirichwa Ndogo. Husimama pale pale na kuielekeza simu upande ule ule. Juzi mzee mmoja jirani aliniuliza: “Mwalimu, umekosa kitu kizuri cha kupiga picha ila maji machafu haya?” Swali lake lilikuwa la haki, nami nadaiwa jibu.

Sisi wanaisimu twajua kwamba tukilidunisha neno kwa kiambishi ki-, aghalabu tunalipunguzia heshima pia. Mto Tana una mabwawa, vipimo na wataalamu wa kuuandikia ripoti. Kijito hakina hata mtu mmoja anayekumbuka kina chake mwaka jana. Jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Jina tumelihifadhi, maji tumeyasahau.

Thamani ya kumbukumbu twaiona Mlima Kenya. Tangu Halford Mackinder alipoukwea mwaka wa 1899, barafu yake imepigwa picha na kupimwa mara nyingi. Ndiyo maana twaweza kusema bila kubahatisha kwamba barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Je, vijito vyetu vina ushahidi gani ila masimulizi ya wazee?

Picha zangu chache zimenifunza jambo ambalo sikulitarajia. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokosa kutimia mfululizo katika sehemu nyingi za Pembe ya Afrika, nilidhani kijito kingekauka. Hakikukauka. Kiliendelea kutiririka, cheusi na kizito, kwa majitaka ya majumba yetu. Kisha mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini. Jumamosi iliyofuatia gharika hiyo, picha yangu ilionyesha ukuta mmoja umeanguka majini na mifuko ya plastiki ikining'inia kwenye matawi ya juu kuliko kichwa changu.

Siku hizi kiongozi akiulizwa habari za mto uliokauka au uliofurika, hukimbilia kutaja mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli kwamba joto la dunia limezidisha makali ya ukame na ya mvua, na ni kweli pia kwamba mchango wa Afrika katika kosa hilo ni mdogo mno. Lakini si joto la dunia lililoelekeza bomba la majitaka mtoni, wala lililojenga ghorofa ukingoni, wala lililosakafia mtaa mzima hata mvua ikakosa pa kuzama. Neno la kweli likitumiwa mahali pasipo pake hugeuka maficho. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito ing'olewe kwa kuwa inafyonza maji mengi. Yeye hakuzilaumu mbingu peke yake.

Picha moja, bila shaka, haithibitishi kitu. Picha za miaka mitano, za mahali pamoja, zenye tarehe na zilizolinganishwa na kipimo cha mvua, ni ushahidi. Zitatuonyesha lini mbingu zilitunyima na lini sisi wenyewe tuliharibu.

Kazi hii haihitaji fedha za wafadhili. Shule nyingi zina kijito karibu, na si chache zilizo na chombo cha kupimia mvua. Simu moja ya mwalimu yatosha, na daftari moja ambalo kila kidato kitalirithisha kidato kinachofuata. Mwanafunzi wa jiografia atajifunza humo mengi kuliko kukariri mito ya mabara ya mbali.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mito tunayoililia leo ilianza kufa ikiwa bado vijito, nasi tulikuwa tukipita juu ya madaraja bila kutazama chini.